Kutoka Kushoto

Huku Kemi bahari imeganda, vioo vimeota maua ya barafu,
nami nahamisha slaidi arobaini na moja
kwenye programu ya kuhariri video.
Mazishi Jumamosi. Leo Alhamisi, na yenyewe imekwisha.

Mara ya kwanza zilikuja picha tupu:
Baba katikati, viatu vya kuteleza miguuni,
kasimama kama kigingi.
Ilhali mimi nilimpangia aingie kutoka kushoto, akiteleza,
jina lake, Veikko, likimfuata herufi moja moja
kama vifaranga vya bata.

Jarmo akanipigia: "Usizihamishe hivyo, dada.
Zigeuze video kwanza, ndipo uzipeleke."
Nikazigeuza. Kompyuta ikahema saa nzima.
Nikaosha kikombe kimoja mara mbili.

Sasa anateleza, tena vizuri,
lakini faili limeshika hata nisichokiagiza:
muda wa kila mbofyo wangu
usiku ule wa majaribio, nilipokuwa peke yangu.
Slaidi ya tatu, sekunde nne. Ya saba, tano.
Ya kumi na tisa, ile ya Baba kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
akingoja samaki tunduni, kanipa mgongo:
sekunde hamsini na mbili.
Hakuna kinachosogea.

Kata hapo, asema Jarmo, watu watadhani imekwama.

Alama ya mkasi iko juu ya mstari wa muda,
kidole changu kiko juu ya kipanya.

Nimekata mbili.
Hizo hamsini wataketi nazo.