Mpira wa Baisa Hamsini

Bomba la mbele ya zahanati, hapa Mudhaibi,
lilianza kuvuja Jumapili ya kwanza ya Shaabani.
Si kupasuka. Kuvuja: tone, kimya, tone,
kama mtu anayehesabu, akasahau, akaanza upya.

Mimi ndiye karani. Nikajaza fomu, nikaituma Maskati.

Maskati wakajibu siku ya tisa:
*Taja namba ya bomba.*
Bomba halina namba. Lina kutu, lina nyigu,
lina jina la mtoto aliyelichora kwa msumari
akingoja kudungwa sindano.
Nikaandika *halina*. Kompyuta ikakataa.
Nikaandika sifuri. Ikakubali.

Muhanna, fundi wa pampu za mashamba,
akatoa mfukoni mpira mdogo mweusi.
"Baisa hamsini," akasema. "Dakika kumi."
"Usiguse. Bomba la serikali hilo."
"Na haya yanayomwagika?"
"Ya serikali pia."
Akacheka, akaurudisha mfukoni
pamoja na tende zake.

Sitaki kusema uongo juu ya zamani.
Babu yangu aligawa maji ya falaji
kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa mchangani,
na watu humsifu hadi leo.
Lakini shangazi Ghaniya alirukwa zamu miaka saba
kwa sababu ya talaka,
minazi yake ikafa wima,
na hapakuwa na fomu ya kulalamika.
Na usiku ule wadi ulipotumeza hadi madirishani
helikopta ilitoka Maskati.
Haikutoka kwa babu.

Basi nikangoja.
Mkono wa mbali si mkono mbaya.
Hauhisi unyevu tu.

Ramadhani, baada ya tarawehe, mtu akalifunga.
Sikumwona. Asubuhi nikakuta matope yakikauka
na nyayo za kiatu, kisigino kimoja kimelika.
Nakijua kisigino hicho.
Nikapita juu ya nyayo, nikazifuta kwa buibui langu.

Leo, Mfunguo Pili, barua imefika:
*Ombi limekubaliwa. Tuma picha ya uvujaji
ndani ya siku tatu, ama jalada litafungwa
na zahanati itaandikwa kwamba ilidanganya.*

Nimesimama mbele ya bomba, simu mkononi.
Kavu. Nyigu wanazunguka, wananung'unika,
wanatafuta tone lao.

Mkono wa pili una spana.
Nimeiazima kwa Muhanna.
Hakuniuliza ya nini.