Mshono wa Soksi

Asubuhi yetu huanza kwa soksi.
Naigeuza, ndani nje,
mshono uitazame dunia, usiutazame mguu,
na bado Rannvá anasema: upo.
Naupapasa kwa kidole gumba. Siusikii.
Upo, baba. Unaniuma mpaka kwenye meno.

Zamani ningesema: acha deko.
Nilisema. Sina haja ya kuficha.
Nilisema kwa sauti ya mtu anayechelewa zamu,
naye akajikunyata chini ya meza ya jikoni,
kiganja sikio hili, kiganja sikio lile,
kama aliyebeba kichwa chake mwenyewe
akihofu kisije kikamponyoka.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nami nilisimama mlangoni
nikiapa kwamba kunguni hakuna.

Klaksvík ni mji mdogo wenye makelele:
honi ya meli bandarini, shakwe juu ya paa,
upepo unaogombana na mabati ya ghala.
Miaka arobaini niliyasikia bila kuyasikia.
Ni yeye aliyenifunza kwamba friji hulia usiku,
kwamba taa ya bafuni ina nyuki ndani yake.
Nilipanda kiti, nikatega sikio.
Kweli. Nyuki mmoja, mdogo, hachoki.
Jumamosi nikabadilisha taa.

Mama yangu, Barba, ndiye aliyeumia zaidi.
Kwake yeye kupenda ni kufuma.
Alimfumia mjukuu sweta majira yote ya baridi,
la kijivu, nyota themanini kifuani.
Mtoto aliligusa kwa ncha ya kidole
akaurudisha mkono kama aliyegusa jiko.
Bibi hakusema neno. Alilikunja polepole,
kama barua iliyorudishwa
haijafunguliwa.

Kisha akaja mtaalamu, Sólvá, kutoka Tórshavn.
Hakuketi kwenye kiti. Alilala sakafuni karibu na meza,
akasubiri.
Alipoondoka aliniachia maneno machache:
vitu vyote vinambishia hodi kwa wakati mmoja.
Msimfokee kwa kushindwa kufungua.

Basi nikaanza kuisoma nyumba upya.
Nikitoka kiwandani nanuka samaki;
buti hubaki nje, naoga kwa sabuni isiyo na harufu,
ndipo namwendea. Wala simpapasi.
Kupapasa, kwake, ni mchanga machoni.
Nibane, anasema. Zaidi. Hapo.
Kabla ya chakula cha jioni anasukuma kikapu cha viazi
toka mlangoni hadi jikoni, na kukirudisha,
viazi vilevile kila siku, vimeshachipua,
hatuvili, vina kazi yao.

Jumapili moja mama akaja na furushi.
Lilikuwa lile sweta.
Ameshona mikono, ameshona shingo,
amelijaza shayiri, kilo mbili na ushei,
akalivika shuka kuukuu la pamba
lililolainika kwa miaka thelathini ya kufuliwa.
Halivaliwi, akasema. Hupakatwa.
Rannvá alilipakata. Mabega yakashuka.
Pumzi ikamtoka ndefu, ikafika chini kabisa.
Nyota zote themanini zilikuwa gizani humo, ndani,
zisikoweza kumchoma.
Mama akafuta miwani isiyokuwa na vumbi.
Kumbe, akasema, nilikosea umbo tu.

Sidai kwamba tumefika.
Wiki iliyopita tuliacha mkate na maziwa
katikati ya duka, taa zikiwaka kama ghadhabu,
tukatoka mbio, mimi nimembeba, watu wakitukodolea.
Jirani mmoja alisema kitu kuhusu malezi.
Nilikuwa na jibu. Mikono ndiyo iliyokuwa imejaa.

Na leo ameenda shule na soksi moja.
Mguu wa kushoto mtupu ndani ya buti la mpira.
Mvua ya kulala, barabara imejaa madimbwi.
Nilimsindikiza hadi kwenye kona, nimebana mdomo,
nikihesabu baridi badala yake.
Buti likaanza: chwoo, chwoo, chwoo.
Akasimama. Nami moyo ukasimama.
Sauti hiyo, akasema.
Hiyo naipenda.