Fahali Mwenye Kiwele

Saa moja jioni, hotelini kwa Muhonja, Khayega.
Runinga iko juu ya kabati la mandazi
na ndani ya runinga fahali anacheza densi.
Rangi ya waridi. Macho sahani mbili za pilau.
Amesimama kwa miguu miwili kama mwomba kura,
na chini ya tumbo, Mungu wangu,
kiwele.
Chuchu nne zinaning'inia, zinapigana makofi.

Watoto walicheka hadi chai ikawatoka puani.
Lisutsa, ambaye fahali wake alishinda Jumamosi,
akaweka kikombe chini, akauliza taratibu
kama anayeuliza bei ya jeneza:
"Huyo anamnyonyesha nani?"

Wakanigeukia mimi,
maana hapa mwenye brashi ni mimi,
na kosa la kila mchoro, hata uliochorwa ng'ambo,
huletwa kwangu.

Nikasema: aliyechora hajasimama uwanjani alfajiri,
umande magotini, isukuti zikimgonga kifuani,
akaona shingo inavyofura kabla pembe hazijakutana,
nundu inavyosogea peke yake
kama mtu aliyefichwa ndani ya gunia.
Huyo ana kompyuta tu, macho hana.
Nikasema mengi. Chai ilikuwa ya bure.

Usiku, nikiosha brashi kwa mafuta ya taa,
nikamkumbuka simba wangu
kwenye ukuta wa chekechea.
Simba! Mimi simba nimemwona wapi?
Nilimtoa kwenye kasha la kiberiti,
manyoya nikayapiga pasi kama kola ya bwana harusi,
na uso, wala sikukusudia, ukatoka uso wa mjomba Imbuhila
siku aliponyimwa pesa zake za miwa.
Simba mwenye nyusi!
Mwalimu mkuu alikuja na ndoo ya chokaa.
Watoto wakagoma kunywa uji.
"Usimfute," mmoja akasema, "leo ana huzuni."

Basi kiwele ni uongo, na nyusi ni uongo.
Kwa nini wa kwanza unanichefua
na wa pili nikiupita napunguza mwendo?
Nilidhani nimepata jibu, nikalala nalo.
Asubuhi halikuwepo.

Khasandi, binti yangu, ana miaka tisa.
Akanivuta shati mbele ya katuni ileile:
"Baba, acha ng'ombe. Tazama mvua."
Nikatazama. Ilianzia mbali,
tone moja juu ya bati, kisha kimya,
kisha mawili, kama anayebisha na hataki kusikika,
halafu kilima kizima kikafutika.
Ndiyo mvua yetu ya saa tisa alasiri.
Mtu fulani, katika chumba kile cha haraka na waridi,
aliwahi kukaa dirishani.
Sikumwambia Khasandi kitu. Nilikuwa na wivu.

Jumatatu akaja Shimenga wa maziwa.
"Nichoree fahali wa runinga, ukuta mzima.
Kiwele usikisahau, ndicho kitakachouza."
Elfu mbili na mia tano, nusu mkononi.
Nilichukua. Usinitazame hivyo,
hata wewe unakula.

Nikachora waridi hadi macho yakaniwasha.
Nikachora sahani mbili, nikachora densi,
chuchu nne, nikaziongezea mng'ao.
Mguu wa nyuma wa kulia, pale chini karibu na mtaro,
mkono ukakataa.
Ukachora kwato: imepasuka kidogo upande wa nje,
tope limebana katikati,
uzito wote umelala ukingoni,
vile wanavyokanyaga dakika moja kabla ya kwenda.

Watoto walikuja, wakapiga makofi, wakaenda.
Shimenga akalipa nusu iliyobaki.
Jioni Lisutsa akapita na kamba yake begani.
Akasimama. Akachuchumaa.
Akagusa kwato kwa kidole, rangi haijakauka.
"Hii ni ya wangu," akasema.

Kisha akainua macho, akakiona kiwele,
akashusha kofia usoni
akaondoka bila kununua maziwa.