Mizani ya Uwanja wa Ndege, Tabora

Jina langu ni Mihayo, Ipuli ndipo nakaa,
nilipewa kazi hiyo, sina sare, sina saa:
mizigo yote ijayo nipime, na wa kupaa.
Ndege ndogo haitaki kudanganywa hata kilo.

Lami hatukuijua, changarawe ilitosha,
ndege ikitaka tua, mbuzi tuliwaamsha;
ikishanyesha mvua, rubani tulimchosha,
akizunguka angani, nasi tunaziba shimo.

Na mfuko wa upepo, Kabula wangu kashona,
turubai lililopo, rangi karibu hakuna.
Chumba kimoja na kopo la maji, benchi, na jina:
TABORA, bali herufi moja mchwa wameila.

Nkumbi chupa za asali ndani ya koti kaficha,
akajifanya hajali; mshale haukumwacha.
"Toa," nikasema, "mbili, au hapa kutakucha.
Ndege ndogo haitaki kudanganywa hata kilo."

Kabula aliposhikwa na uchungu, ukagota,
barabara imezikwa na maji, treni yasita,
kiti Mwanza kikawekwa, nami zamu nimepata.
Akapanda kwenye chuma. Sikumtazama uso.

Kilo nne zilizidi.
Nne; na hapa mizani ya shairi langu nayo inapinda,
kwa sababu juu ya chuma kile walisimama wawili
na mmoja wao hakuwa na jina.
Rubani Lutego hakuuliza.
Alishusha begi lake, akavua mabuti, akanipa nishike,
akapaa pekupeku.

Leo lami yang'arika, uwanja una uzio,
taa usiku zawaka, vina maji hata vyoo,
mizani imegeuka, namba tu kwenye kioo.
Nje, mbuzi wanatazama kama wakosa tiketi.

Ile yangu ya mshale nimepewa kama chuma,
Kabula sokoni kule asali ndiyo apima;
akija mtu mpole, kijiko huja kwa nyuma.
Asali, hiyo hupenda kudanganywa hata kilo.

Juzi mwanangu Lutego akasafiri kazini,
akapimisha mzigo, namuona dirishani:
zile kilo nne ndogo zimefika themanini.
Nikatazama viatu. Vilikuwa miguuni.