Kwa Yule Niliyempa Sauti, Oli

Mara ya kwanza ulikuwa mhudumu wa hoteli.
Ulibeba sinia, ukatamka maneno mawili,
nami, mikrofoni imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
nikawaambia watu: "Chai au kahawa, mkubwa?"
Benchi la nyuma likacheka. Wewe hukuchekesha.
Nilikupa sauti ya Adriko wa mkahawa wa stendi,
auliziaye kahawa hata siku ambayo haipo.

Mwaka uliofuata ulirudi na kovu la rangi,
ukapigwa risasi jenereta halijashika moto.
Ukafa tena, ndani ya lifti.
Kisha mtoni. Kisha mgongoni mwa farasi.
Oli yote ikakuzoea: "Huyo huyo, wa kufa mapema!"
Nikakubatiza Letia, maana jina lako
lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki wa Panyimur.

Halafu, sijui nani huko kwenu alifungua mlango,
ukawa nyota. Uso wako ukajaa shuka letu zima,
na kile kiraka cha shuka kikakukaa shavuni.
Wanajeshi walilipa, wakatoka, wakalipa tena.
Ngumi hazikuhitaji mkalimani.
Ila pale ulipomshika yule mwanamke mkono
mwandishi alikuwa amekupa maneno matatu,
yale yale ya kila filamu.
Kwa Kiswahili cha Oli yangeanguka kama kibuyu kitupu.
Nikasema: "Umekula?"
Akina mama wakapiga vigelegele.

Mwandishi, nisamehe.
Jina lako nililiona mwishoni, kila mara,
jeupe, dogo, likipanda mbio
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka,
saa ambayo watu wanapapasa kandambili gizani
na Drani ananyonya kwa mrija petroli iliyobaki.
Nadhani lilianza na M.
Tumemlisha mtu mmoja maneno miaka ishirini na mitatu,
wewe kwa kalamu, mimi kwa koo,
na hakuna aliyetununulia hata soda.

Letia, nywele zako na zangu ziliondoka pamoja.
Wakakufanya baba wa nyota mpya.
Kisha jenerali wa kuketi, simu sikioni.
Kisha hakimu: dakika mbili, nyundo moja.
Huku nako watu wakaanza kubeba filamu kwenye simu,
na sauti ya kijana fulani wa Kampala
anayetafsiri kama aliyefukuzwa na nyuki.
Nikibahatika, watazamaji kumi na mmoja.
Siku ya mvua, wanne.

Jumanne iliyopita nilikutafuta filamu nzima.
Nilikukuta ukutani.
Picha tu, ndani ya fremu, juu ya kabati,
marehemu baba wa mtu.
Mwanao akakutazama, wala hakusema neno.
Sekunde tisa. Hakuna aliyeziandikia kitu.

Nikasogeza mikrofoni.
Nikakupa sauti ile ile ya Adriko
(naye tulimzika katikati ya Ramadhani):
"Mwanangu, funga dirisha.
Mvua ya Arua haibishi hodi."

Na yule kijana, wallahi,
akainuka, akafunga dirisha.

Kibanda kikanyamaza. Mtu akaacha kutafuna karanga.
Kisha Mama Ayikoru, ambaye hulipa kwa mayai,
akaniita kutoka benchi la mbele:
"Huyu mzee, safari hii amekufa kweli,
au ni kule kufa kwake?"
"Sijui, mama."
"Basi muulize aliyeandika."

Majina yalikuwa tayari yanapanda.
Drani akainuka na mrija wake; nikamwambia ngoja.
Nikaisimamisha mashine,
nikaenda hadi kwenye shuka, miwani mkononi,
pua yangu ikigusa kiraka.

Halikuanza na M.