Mikanda Mitatu

Mkanda wa kwanza nilisema umechoka.
Wa pili nikasema ni feki, mjini wametupiga.
Wa tatu ulipokatika, Ijumaa,
foleni ya madebe imefika hadi relini,
sikusema kitu. Nilijifuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

Bi Nyanzala alifungua daftari,
akaandika tarehe, akaandika: mkanda,
akaandika jina langu lote, Msabila Lusaganya,
taratibu, kama anayechonga kibao cha kaburi.

Siku ile Kaliua haikusaga.
Watoto walirudi na mahindi yao kichwani
na mmoja, wa kwa Kasubi, akaniuliza:
Fundi, inaumwa wapi?

Usiku nikabaki na injini, sisi wawili na taa.
Miaka sita naisikiliza. Ikikohoa, dizeli ina maji.
Ikitoa moshi mweupe, nozeli inavuja.
Lakini mlio huu, ka-ka, ka-ka, chini upande wa puli,
niliuita beringi
kwa kuwa beringi ndiyo niliyoizoea.
Mtu huupa ugonjwa jina la dawa aliyo nayo.

Nikaizungusha hendeli, ikawaka bila mkanda, bila mzigo.
Mlio ulikuwepo.
Nikachukua chaki ya binti yangu wa darasa la tatu,
mkono nikauegemeza juu ya tofali usitetemeke,
nikaisogeza chaki ukingoni mwa puli, polepole,
mpaka ikanong'ona.
Nikazima. Nikasogeza taa.
Palipotakiwa duara jeupe
palikuwa na mwezi mwandamo.

Kumbe chuma nilichodhani kimetulia
kilikuwa kinapepesuka, mizunguko elfu mbili kwa dakika,
na kila mkanda niliouvisha
niliutuma kwenye kisu.

Nikafunga pula niliyoichomelea mwenyewe
kwa springi ya lori la tumbaku.
Mafuta ya taa. Subiri.
Nyundo ya shaba. Subiri.
Ikatoka kwa kishindo, na vumbi jekundu
laini kama ugoro.
Kii imeliwa upande mmoja kama kipande cha sabuni,
na njia yake ndani ya puli imepanuka
hata kidole changu cha mwisho kikapita.

Nikakaa chini, sakafuni, penye pumba.
Maana nati ile niliikaza mimi,
mwaka ule wa mvua nyingi,
mkono mmoja, nikiwahi treni.

Jumapili treni ikaleta puli mpya kutoka Tabora,
imekerezwa na Hamduni wa nyuma ya stesheni,
ndani ya gunia la karanga,
bado ina joto, au labda ni mikono yangu.
Shafti nikaisugua kwa msasa mpaka nikajiona.
Kii nikaikata kwa tupa: piga tupa, pima,
piga tupa, pima, saa mbili nzima,
hadi ikakataa kidole gumba na kukubali nyundo.
Nati nikaikaza kwa spana na bomba la mita moja.
Nikanywa chai. Nikaikaza tena.

Chaki.
Duara likafunga mdomo wake.

Asubuhi Bi Nyanzala akaingia. Mwangaluka.
Nikaitika, kisha nikamwambia yote:
mikanda haikuwa na kosa, mjini hawakutupiga,
nati ni yangu.
Hakunitazama. Alifungua daftari,
akatoa bei ya mikanda mitatu kwenye ufundi wangu,
akapiga mstari kwa rula:
bakia, elfu nne na mia tano.
Akanihesabia noti, na sarafu ya mwisho.
Halafu akanisukumia debe la pumba kwa mguu.
Hii ya kuku wako, akasema. Hii siiandiki.

Puli ya zamani sasa inazuia mlango wa mashine
usijibamize na upepo.
Wateja huiruka.
Nati zangu siku hizi
huzikaza mara mbili,
na treni iende.