Chupa Mbili

Saa kumi na moja na nusu, Dagoretti bado ina giza na harufu ya makaa.
Nabisha. Mbwa wa jirani anabweka mara moja, ananyamaza,
kana kwamba naye anaijua kazi yangu.
Kerubo anafungua, leso mabegani,
baiskeli nyuma yake imeegemea friji
kama mgeni asiyeambiwa pa kukaa.
"Ungekuja jana," anasema. "Jana nilikuwa na mkojo mwingi."

Tunacheka. Kisha tunangoja.

Sheria inasema nisimwondolee macho.
Akienda jikoni, naenda.
Akipiga mswaki, nasimama mlangoni nikitazama povu.
Anakunywa glasi tatu, anaongeza ya nne,
mwili unagoma, mkaidi kama karani wa ofisi ya ardhi.

Katika kungoja ananisimulia mkate:
kreti mbele, kreti nyuma, kila alfajiri,
kutoka bekari ya Riruta, bondeni, kisha juu hadi Kangemi,
juu ya chuma kisicho na gia,
miaka sita kabla mtu hajamwita mwanariadha.
"Miguu hii," anajipiga paja, "imejengwa na mkate."
Naandika: saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Fomu haina nafasi ya mkate.

Hatimaye yanakuja.
Anamimina mwenyewe, ya kwanza, ya pili,
kofia zinalia krik, krik, krik,
na sauti hiyo haina kurudi nyuma.
Nazishika. Zina joto lake bado.
Hili sijamwambia mtu:
joto la mwenzako kiganjani,
nawe umevaa glavu.

Wiki ya tano redio ikasema.

Siku hiyo ya kwanza tulikuwa taifa:
wanatuonea, hawataki tushinde, maabara zao, mizani yao.
Chupa ya pili ilipofunguliwa ikakubaliana na dada yake,
na yule yule aliyepiga simu studio akilia
akapiga tena: "Aliye juu mngoje chini."
Mama wa chapati pale Kawangware,
aliyeziita chapati zake Kerubo kwa kuwa ziliisha haraka,
sasa Kerubo ni zile zilizoumuka kupita kiasi.
Watu wanacheka, wanaagiza mbili.
Na Mzee Lihanda, muuza maziwa, miaka sitini na mitatu,
akikanyaga taratibu na madumu yake,
watoto wanamkimbilia na chupa tupu ya soda:
"Kojoa hapa! Kojoa hapa!"

Alitumia. Nalisema wazi
nisidhaniwe natetea.
Damu ilizidi damu, na aliyemaliza wa pili
alirudi kwao na medali isiyo yake.

Lakini sindano haitembei peke yake.
Kocha hakumbuki.
Duka la dawa lina kufuli na karatasi: tumesafiri.
Mwenyekiti wa chama amehuzunika sana
mbele ya kamera, tai mpya shingoni.
Uchunguzi unaendelea, wanasema, na kweli unaendelea,
kama mfereji wetu wa Umoja, bila maji.

Jirani yangu ameniuliza kwenye kamba ya nguo:
"Kumbe ni wewe uliyemmaliza?"
Nilikuwa na kibanio mdomoni.
Nikakiacha hapo.

Juzi alfajiri nikienda kubisha mlango mwingine
nilimwona akipanda kutoka bondeni.
Kreti mbele, kreti nyuma, chuma kile kile,
amesimama juu ya pedali, mdomo wazi,
hakuna anayepiga makofi, hakuna anayezomea,
gari la takataka tu nyuma yake likihema.
Nikajikuta natazama saa. Mazoea.
Kumi na mbili na dakika tano.
Alipopita hakuniona, au aliniona.
Mkate ulikuwa bado wa moto,
nilisikia harufu yake
mpaka kwenye kona.